Mpango mkakati wetu umefika katikati, nami siuamini tena

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, meneja wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ya watumishi katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Wanachama wetu wengi ni walimu na wauguzi, wengine ni watumishi wa halmashauri, na wapo wastaafu wachache ambao hawakutaka kuondoka. Ninaandika kwa sababu jambo linalonisumbua siwezi kulizungumza ofisini, na nyumbani mume wangu, ambaye naye ni mwanachama, ameshachoka kulisikia.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mkutano mkuu ulipitisha mpango mkakati wa miaka mitano, wa kuanzia 2023 hadi 2027. Tuliuandaa kwa msaada wa mshauri mwelekezi, tukaandika dira, dhima na maadili ya msingi, kisha tukaweka malengo makuu manne: kuongeza wanachama kutoka 1,200 hadi 3,000, kushusha mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, iwe chini ya asilimia 5 ya mikopo yote, kuhamisha kumbukumbu zote kutoka kwenye madaftari na kuziingiza kwenye mfumo wa kompyuta, na kujenga jengo la kitega uchumi la ghorofa moja, ambalo chini lingekuwa na ofisi zetu pamoja na maduka ya kupangisha, na juu ukumbi wa mikutano. Kitabu cha mpango huo kilichapishwa kwa rangi, na picha ya jengo kama lilivyochorwa na msanifu ndiyo iliyowekwa kwenye jalada.

Sasa tumo katika mwaka wa tatu. Mfumo wa kompyuta umekamilika na unafanya kazi. Mikopo chechefu imeshuka, ingawa bado hatujafika tulikokusudia. Shida iko kwenye wanachama na kwenye jengo.

Kwa upande wa wanachama, vitabu vinaonyesha kwamba tumefika 1,700. Hata hivyo, karibu 400 kati yao hawajaweka akiba wala kununua hisa kwa zaidi ya mwaka mzima. Wapo waliohamishwa vituo vya kazi, wapo waliostaafu, na wapo waliojiunga siku za kampeni zetu mashuleni, wakalipa kiingilio na wasionekane tena. Katika taarifa za robo mwaka tunawahesabu wote. Nilipopendekeza tuwatenganishe wanachama hai na wasio hai, Mwenyekiti alisema tufanye hivyo baada ya mkutano mkuu ujao, kwa kuwa hatuwezi kwenda mbele ya wanachama na idadi inayorudi nyuma. Taarifa hizo zinatoka na saini yangu.

Jengo nalo limefika usawa wa linta na limekwama hapo. Gharama zimezidi makisio ya awali, na fedha zilizotumika zimetoka kwenye ziada ya miaka miwili na kwenye sehemu ya fedha ambazo kwa kawaida tungewakopesha wanachama. Matokeo yake ni foleni ya mikopo. Mwalimu anayeomba mkopo anaweza kusubiri miezi mitatu, wakati maofisa wa mabenki wanamfuata hadi shuleni wakiwa na fomu mkononi, na wale ambao mishahara yao imeshabanwa na makato hata benki haiwataki, hivyo wanaangukia kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Muuguzi mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba anaondoa akiba zake kwetu, bila hasira yoyote, kwa sababu tu mwanawe anaingia chuo na ada haiwezi kungoja jengo liishe.

Katika mkutano mkuu uliopita gawio lilikuwa dogo. Mwalimu mmoja alisimama akasema kwamba gawio la mwaka 2027 halimnunulii mtoto sare Januari hii, na ukumbi ukampigia makofi. Mwenyekiti akamjibu kwamba taifa zima linazungumzia Dira ya 2050, yaani dira ya maendeleo ya taifa, sisi tutashindwaje kuvumilia miaka mitano? Ukumbi ukapiga makofi vilevile.

Naomba nieleweke kuhusu Mwenyekiti wetu. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wangu nilipokuwa shule ya msingi, na hadi leo ananiita binti yangu. Aliipokea SACCOS hii ikiwa kwenye chumba kimoja cha kuazima, chenye meza moja na kabati lisilofungika. Si mwizi. Kila shilingi ya jengo ina risiti, na wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, wametupa hati inayoridhisha. Lakini kwake mpango uliopitishwa na mkutano mkuu ni kama kiapo, na kila ninapogusia mabadiliko anafungua kitabu na kunisomea ukurasa wa malengo.

Kwa maoni yangu jengo lingesimamishwa, fedha zikarudi kwenye mikopo, nasi tukafungua mlango kwa vijana wa bodaboda, wakulima wa viazi na mama lishe, kwa sababu watumishi wa wilaya yetu wana mwisho wao. Bodi inamaliza kipindi chake katika mkutano mkuu ujao, na Mwenyekiti anagombea tena. Wajumbe wawili wa bodi wamenishauri kwa siri nilitoe jambo hili mbele ya mkutano ili wanachama waamue. Wengine wanasema meneja aliyeshiriki kuandika mpango hana uso wa kuupinga. Huku nyuma, wafanyakazi wenzangu wamekwisha kukata tamaa. Kila mmoja amepewa malengo yake yaliyoteremshwa kutoka kwenye mpango, na ofisa mikopo wetu aliniambia waziwazi kwamba wanajaza zile fomu kama watumishi walivyokuwa wakijaza OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma.

Mama, je, nisubiri uchaguzi upite? Niende kwa Mwenyekiti, au niende kwa wanachama? Na mpango wa miaka mitano ukibadilishwa katikati, bado ni mpango, au umekuwa matakwa ya yule aliyeko ofisini kwa wakati huo?

Meneja,
Nyanda za Juu Kusini

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma polepole, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba umeeleza upande wa Mwenyekiti wako kwa haki, pengine kwa haki kuliko wengi wangefanya wakiwa wamebanwa kama wewe. Hilo litakusaidia katika hatua zinazokuja.

Nijaribu kulirudia tatizo lako kama nilivyolielewa. Chama chenu kiliweka malengo ya muda mrefu kwa njia halali, na wewe ulikuwa mmoja wa walioyaandika. Muda umepita, hali imebadilika, na lengo moja linakula fedha za shughuli ambayo ndiyo sababu ya chama kuwapo, yaani kuwawekea na kuwakopesha wanachama. Anayelilinda lengo hilo ni mtu unayemheshimu kama mzazi, na uchaguzi uko mlangoni, kwa hiyo neno lolote utakalosema litasikika kama kampeni. Katikati ya hayo kuna suala la hesabu ya wanachama, ambalo umelitaja pamoja na mengine lakini mimi nitaomba tuliweke peke yake.

Nianze na malengo yenyewe. Umeyataja manne kana kwamba ni ya aina moja. Kushusha mikopo chechefu ni tokeo ambalo mwanachama atalihisi kwenye usalama wa akiba yake. Kuongeza wanachama ni jambo linaloweza kumfaa au lisimfae mwanachama, kutegemea ni wanachama wa namna gani. Mfumo wa kompyuta ni njia, na jengo nalo ni njia. Njia ya kufikia nini? Katika barua yako yote sikuona mahali palipoandikwa jengo lilikusudiwa kutatua shida gani. Lilikuwa la kuokoa kodi ya pango? La kuleta mapato ya maduka? La kuwafanya watu wakiamini chama? Kila jibu kati ya hayo lina kipimo chake. Kama lilikuwa la mapato, mnaweza kukaa na mhasibu mkakadiria maduka yatapangishwa kwa kiasi gani katika mji wenu na yatachukua miaka mingapi kurudisha fedha iliyozikwa pale, kisha mkalinganisha na riba ambayo fedha hiyohiyo ingeleta ikiwa mikononi mwa wakopaji. Ninashuku kwamba hesabu hiyo haijafanywa na upande wowote, wala wake wala wako. Picha iliyowekwa kwenye jalada huwa na nguvu ya kuziba swali kama hilo.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kuhusu dhana yako ya kwanza, kwamba jengo ni la Mwenyekiti. Mkutano mkuu ulilipitisha. Walimu na wauguzi wale wale wanaolalamikia foleni leo waliinua mikono, na sidhani kwamba waliinua kwa kumwogopa. Mtu wa umri wa Mwenyekiti wako huenda anakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vile ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa miongo kadhaa, na anakumbuka kwamba ilichukua hadi sheria ya mwaka 1982 kuufungua tena mlango huo. Aliyeshuhudia chama kikifutika kwa tangazo anaweza kutamani kitu kinachoonekana, kilichojengwa kwa tofali, ambacho hakiwezi kuhamishwa usiku. Sisemi kwamba hofu hiyo inatosha kuhalalisha gharama mnayolipa. Ninasema tu kwamba ukimwendea ukidhani ni suala la sifa, na kumbe ni suala la usalama, mtazungumza saa nzima bila kukutana.

Dhana ya pili ni yako mwenyewe, nayo inahusu bodaboda, wakulima wa viazi na mama lishe. Ni wazo zuri, na huenda ni sahihi. Lakini SACCOS yenu imejengwa juu ya makato ya mshahara, ambayo ndiyo dhamana kubwa mliyo nayo. Mkulima wa viazi hulipwa wakati wa mavuno, na dereva wa bodaboda hupata kwa siku na hupoteza kwa siku. Kuwapokea kunahitaji aina nyingine ya mikopo, maofisa wanaotoka nje ya ofisi, na kwanza kabisa kunahitaji kurekebisha masharti ya chama kuhusu nani anastahili kuwa mwanachama, marekebisho ambayo lazima yapite kwenye mkutano mkuu na kusajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Mkiruka moja kwa moja kutoka kwenye jengo kwenda kwenye wanachama wapya bila majaribio katika kata moja au mbili, ninaogopa wazo lako litakuwa jengo la pili, lisilo na picha kwenye jalada. Na ile idadi ya 3,000 ilitoka wapi? Je, kuna aliyekaa akahesabu watumishi wote waliopo wilayani na kujiuliza wangapi kati yao bado hawana SACCOS? Idadi za mviringo katika mipango mikakati nyingi huzaliwa mchana baada ya chakula, mshauri mwelekezi akiwa na haraka ya kumaliza jedwali.

Nimevutiwa na swali lako la mwisho, kama mpango uliobadilishwa katikati bado ni mpango, kwa sababu Mwenyekiti wako amekupa mfano mzuri bila kukusudia. Ametaja Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Tazameni pamoja ile iliyoitangulia. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilianza kutekelezwa mwaka 2000, na baada ya muongo mmoja serikali iliona kwamba kuwa na mwisho wa safari hakutoshi. Ukaandaliwa Mpango Elekezi wa Muda Mrefu wa kuanzia 2011/12 hadi 2025/26, ukagawanywa katika mipango mitatu ya miaka mitano mitano, na kila mmoja ukapewa mkazo wake: wa kwanza kufungulia fursa za ukuaji wa uchumi, wa pili kujenga uchumi wa viwanda, wa tatu ushindani na maendeleo ya watu. Ushirika wenyewe una mfano wa karibu zaidi. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 ina mizizi katika benki ya wanaushirika wa Kilimanjaro iliyoanza miaka ya 1990. Shabaha ya wanaushirika kuwa na benki yao ilidumu kwa miaka hiyo yote, huku jina, mtaji, makao makuu na wabia vikibadilika. Kwa hiyo unaweza kumwambia Mwenyekiti, kwa adabu zote, kwamba uvumilivu anaouhubiri ni wa kweli, ila ni uvumilivu juu ya shabaha, na kwamba njia zimekuwa zikipimwa upya wakati wote.

Jambo hilo linanipeleka kwenye kitu ambacho nisingependa ukikose. Fungua kitabu chenu kile cha rangi, ruka malengo, nenda sura ya mwisho. Karibu kila mpango mkakati niliowahi kuuona huwa na sura ya ufuatiliaji na tathmini, yenye jedwali ambalo hakuna aliyelisoma tangu siku ya uzinduzi, na mara nyingi jedwali hilo hutaja tathmini ya kati, katika mwaka wa tatu hivi. Kama imo, basi hali yako si ile uliyoieleza. Huombi kuubadilisha mpango wala huupingi; unaomba bodi itekeleze ukurasa ambao mkutano mkuu uliupitisha siku ileile ulipopitisha jengo. Mwenyekiti anayekusomea ukurasa wa malengo atakuwa na wakati mgumu kukataa ukurasa wa tathmini wa kitabu hichohicho. Kama haimo, itabidi uiombe kama ajenda mpya, jambo gumu zaidi lakini linalowezekana, na hapo sababu zako zitahitaji kuandikwa vizuri zaidi.

Sasa tuangalie njia ulizozitaja.

Kusubiri uchaguzi upite kuna faida moja ya kweli: hutahesabiwa kuwa umemharibia mtu kura. Gharama yake ni kwamba fedha zitaendelea kuingia kwenye jengo kwa miezi hiyo, foleni itarefuka, na bodi mpya, iwe na mwenyekiti yuleyule au mwingine, itarithi taarifa ambazo hazisemi hali ilivyo. Pia usisahau kwamba baada ya uchaguzi mshindi huwa na nguvu ya kusema wanachama wamekubali yote, ikiwa ni pamoja na yale ambayo hawakuambiwa.

Kumwendea Mwenyekiti faraghani ndiyo njia inayoonekana ya heshima, na pengine ndiyo unayoiogopa zaidi kwa sababu ya mlikotoka pamoja. Ukiichagua, ningependa uende na karatasi mbili tu, moja ya fedha zilizokwisha kutumika na zinazohitajika kumalizia, nyingine ya foleni ya mikopo mwezi kwa mwezi, kisha umwulize kabla ya kumweleza: Mwalimu, tulitaka jengo hili litufanyie nini? Mwache ajibu hadi mwisho. Hatari ni kwamba anaweza kukuomba unyamaze kama binti yake, na ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa kuliko amri. Jiandae mapema utasema nini likija. Hatari nyingine inatoka kwa wale wajumbe wawili. Mimi siwajui, na huenda nia yao ni njema, lakini watu wanaokutaka useme wewe kile ambacho wao wana kiti na kura ya kukisema ndani ya bodi wanastahili kuulizwa kwa nini hawakisemi. Kama Mwenyekiti atasikia kwamba mmeshauriana kwa siri kabla hujamwona yeye, karatasi zako mbili hazitasomwa.

Kwenda moja kwa moja kwa wanachama kuna uhalali wote, maana mkutano mkuu ndicho chombo cha juu katika ushirika. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba ukumbi uleule ulipiga makofi kwa hoja mbili zinazopingana. Ukumbi wa watu mia kadhaa haufanyi hesabu. Unachagua kati ya vitu ulivyowekewa mbele yake. Ukiuliza jengo liendelee au lisimame, utapata ushindani wa wanaomwunga mkono Mwenyekiti na wasiomwunga mkono. Ingekuwa tofauti kama bodi ingewapelekea waraka wenye njia tatu na bei ya kila moja: kumalizia jengo lote kama lilivyochorwa, kumalizia sehemu ya chini tu, maduka yakaanza kupangishwa na ghorofa ikaachwa hadi litakapopatikana fungu lake, au kusimamisha kila kitu. Hata hiyo ya tatu si ya bure, na katika barua yako hukuigusa gharama yake. Ukuta ulioachwa usawa wa linta hunyeshewa mvua, nondo zilizo wazi hushika kutu, na mkandarasi ana mkataba ambao lazima usomwe na mwanasheria kabla mtu hajatamka neno kusimamisha. Mbele ya kila njia iandikwe foleni ya mikopo itakuwa ya muda gani, na gawio litakuwaje. Muulizeni pia Mrajis Msaidizi wa mkoa kanuni zinasema nini juu ya kiasi cha mali ya SACCOS kinachoweza kufungwa kwenye majengo, ili msije mkapigia kura jambo ambalo halina ruhusa.

Kuhusu gawio, yule mwalimu wa sare za Januari nisingemchukulia kama mtu asiyeona mbali. Wengi hawajiungi na SACCOS kwa ajili ya gawio. Wanajiunga ili wakipatwa na jambo wapate mkopo haraka na kwa riba ya kibinadamu. Sina uhakika, lakini nadhani makofi yale yalikuwa ya foleni zaidi kuliko ya gawio. Wewe unaweza kujua kwa kuwauliza wanaoondoka. Muuguzi yule alikupa sababu yake bila kuombwa, na sababu kama hizo zikiandikwa kwenye daftari moja kwa miezi michache zitakuwa na uzito kwenye tathmini kuliko dodoso lolote.

Wafanyakazi wako nao wanastahili sentensi chache. OPRAS ilianzishwa mwaka 2004 kwa nia ya kuunganisha kazi ya kila mtumishi na malengo ya taasisi yake, na sote tunajua jinsi katika ofisi nyingi ilivyogeuka kuwa fomu za kujazwa mwisho wa mwaka, hadi nafasi yake ikachukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji. Ofisa mikopo wako amekupa onyo la bure. Anapewa lengo la kuongeza wakopaji wakati hazina ya kukopesha imo kwenye zege, ajaze nini? Unaweza kupunguza vipimo vyake vikabaki viwili au vitatu anavyoweza kuviathiri kweli, na hilo halihitaji kibali cha mkutano mkuu.

Nimeacha suala la wanachama wasio hai mwisho kwa makusudi. Mengine yote katika barua yako ni tofauti za maoni kati ya watu waaminifu, na yanaweza kungoja ajenda, kikao na muhtasari. Hili lina saini yako, na linajirudia kila robo mwaka. Ukiwatoa wale 400, mna wanachama wapatao 1,300, yaani mmeongeza kama 100 tangu mpango uanze, na hiyo ndiyo habari ambayo bodi inaihitaji kuliko nyingine yoyote ili ijue kama lengo la 3,000 lina maana. Mtu anaweza kusema, na Mwenyekiti atasema, kwamba asiyejiondoa bado ni mwanachama kisheria, naye hatakuwa amekosea. Kwa sababu hiyo sikushauri uwafute. Jiulize tu kama kuna kinachokuzuia kuandika mistari miwili badala ya mmoja, wote walioandikishwa na walioweka akiba ndani ya mwaka, bila maoni yoyote pembeni. Takwimu zenu zinaingia kwenye MUVU, mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa vyama vya ushirika, na siku moja mkaguzi au ofisa ushirika atauliza. Heri swali hilo likukute ulishalijibu. Kama utakatazwa kuandika hata mistari hiyo miwili, basi jambo limeshatoka kwenye mkakati, na Kamati ya Usimamizi ipo kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Ombi lako kwao liwe la maandishi, na nakala ubaki nayo.

Huenda ukagundua, ukiisha kufanya hayo, kwamba jengo linafaa kuendelea kwa mwendo wa polepole. Huenda ukagundua kinyume chake. Mimi niko mbali na sijaona vitabu vyenu, na wewe una miaka miwili na zaidi ya utekelezaji mbele yako hata kama hakuna kitakachobadilika. Ukishazungumza na Mwenyekiti niandikie, na unieleze hasa alijibu nini ulipomwuliza kazi ya lile jengo, kwa maana njia gani kati ya zile tatu ina nafasi ya kupita itategemea sana jibu hilo.